Mlango na Mrija

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka saa nne asubuhi bila hata kubisha hodi, na korido ya kliniki ikajaa miavuli na viatu vyenye tope. Nami nimeanza daftari hili leo kwa sababu nina jambo la kujivunia na sina pa kulisemea. Kazini nikilisema nitaambiwa nimevimba kichwa. Nyumbani nikilisema, Dada, mkubwa wangu ninayeishi naye, atajibu kwamba ameshalisikia.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka miwili kliniki yetu ya macho inalinganisha operesheni mbili za glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Wagonjwa ni mia moja na kumi na wawili. Nusu wamefanyiwa hii, nusu ile, kwa kura. Msimu huu wa mvua wote wanarudi kupimwa mara ya mwisho, na anayewapima ni mimi. Mashine ipo, lakini mashine bila mkono ni chuma tu. Nina miaka ishirini na sita ya kugusa macho ya watu bila mtu kushtuka. Wagonjwa wananiita Mama Kipimo na sijawahi kuwakataza.

Daktari Mkuu huwaeleza hivi, nami nimemsikia mpaka naota: jicho hutengeneza maji yake lenyewe na lina mfereji wa kuyatolea. Katika glakoma hii tunayoitibu, ukiutazama mfereji unauona uko wazi, ila hautoi maji ipasavyo. Presha inapanda kidogo kidogo. Haiumi wala haiwashi, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa, na mtu anaanza kupoteza vitu vya pembeni. Kilichokufa hakirudi. Operesheni ya kwanza inafungua kitundu chini ya kope la juu ili maji yajipenyeze. Sisi tunaiita Mlango. Ya pili inaweka kijibomba chembamba cha kuyatoa. Hiyo ni Mrija. Ipi bora? Hilo ndilo swali la miaka miwili.

Wakati wa chakula Dada kauliza, "Haya, nani anaongoza?" Nikamwambia sijui, wala sitakiwi kujua.

Jumatano, 5 Machi

Nieleze tunavyopima, maana ndipo ilipo heshima yangu. Mgonjwa anakaa mbele ya darubini, kidevu kwenye kishikizo, paji la uso kwenye mkanda. Tone la ganzi, tone la rangi ya manjano, taa ya bluu. Nasogeza ncha mpaka iguse jicho, naona nusu duara mbili za kijani. Nazungusha kigurudumu taratibu mpaka kingo zao za ndani zigusane, hapo nasema, "Tayari." Kigurudumu kina namba, lakini upande wangu zimefunikwa kwa kadi. Anayezisoma ni mwenzangu aliyekaa kando. Anaandika bila kutamka, anarudisha kigurudumu kwenye kumi, tunaanza tena. Hivyo mkono wangu hauwezi kuipendelea namba. Tena siruhusiwi kuinua kope la juu, kwa sababu chini yake ndiko operesheni ilikojificha, na nikiiona nitaanza kuwa na upande.

Mwenzangu ni Mkunga. Amefanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na minane, mgongo ukamkataa, akaletwa kwetu mwezi uliopita. Ni mnene, mpole, bado anavaa saa ya kifuani. Nilimuuliza kama amewahi kushika mashine hii. Akajibu, "Nimeshika vichwa vya watoto elfu tatu."

Sasa hilo na jicho wapi na wapi? Nimemkabidhi kalamu na kumwambia asikosee mstari.

Jumanne, 11 Machi

Macho kumi na nane leo. Alikuja yule mgonjwa tunayemwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. Wagonjwa wote wameonywa wasiniambie walifanyiwa nini. Redio kaweka kidevu tu, kaanza: "Sista, mimi wenzako waliniwekea kile ki..." Nikaanza kuhesabu kwa sauti kubwa kama mwalimu wa chekechea, moja, mbili, tatu, mpaka nikafika arobaini na ndipo akanyamaza. Mkunga alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Sikupenda, lakini nami nilicheka.

Dada: "Nani anaongoza?" Mimi: "Sijui."

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Macho kumi na mawili. Nani anaongoza. Sijui.

Jumanne, 18 Machi

Leo ilikuwa miadi ya Dada. Hayumo kwenye utafiti, ni mgonjwa wa kawaida, na mimi ndiye ninayempima kwa sababu hataki mkono mwingine.

Dada ni mwalimu wa udereva. Nusu ya wanaoendesha magari katika mji huu, yeye ndiye aliyewafundisha kufunga mkanda. Ana miaka sitini na mmoja na gari dogo jeupe lenye breki pande mbili, ya mwanafunzi na ya kwake. Jicho lake la kushoto liliharibika kabla hatujagundua, hakuna tena cha kuokoa. La kulia ndilo linalombeba. Ukimwonyesha ubao wa herufi anausoma mpaka mstari wa mwisho, kisha anauliza kama hakuna mwingine. Lakini kile kipimo cha upeo, cha kutazama mbele na kubonyeza kila taa ndogo inapowaka pembeni, Februari kilionyesha doa jeusi limekua. Daktari Mkuu alisema jicho hilo lifanyiwe operesheni mapema. Dada akasema atasubiri.

Anasubiri utafiti wetu. Na aliyemwambia asubiri ni mimi. Januari, operesheni ilipoanza tu kutajwa, nilijipiga kifua mezani: "Vumilia mpaka mwisho wa mvua, Dada, kliniki yetu itakuwa na jibu, na jibu hilo litatoka kwenye mkono huu."

Leo presha yake ni kumi na saba, namba ya jicho lililotulia. Mwezi wa Desemba kumi na saba, kabla ya hapo kumi na sita. Daktari Mkuu alitikisa kichwa. "Presha ya namna hii na upeo unapungua. Kuna kitu hakijakaa sawa." Nilimwambia labda kile kipimo cha taa kilimchosha, akachelewa kubonyeza. Namba zangu zinajulikana. Hazimpendelei mtu, hata ndugu.

Alhamisi, 27 Machi

Mkunga amenikera. Tulikuwa tunafuta mashine kwa spiriti, akaniuliza, "Dada yako hupimwa siku gani?"

"Jumanne. Ana kadi ya miadi kama wengine."

"Kwa hiyo anaijua siku."

"Miadi si ndiyo hiyo? Ulitaka tumvizie?"

"Kule leba hakuna miadi," akasema. "Watu wanakuja kama walivyo, mwingine na unga mikononi. Huku kwenu wanakuja wamejiandaa. Mpime siku asiyoijua, ndugu yangu."

Nilimjibu kwamba najua fika wagonjwa wanaokumbuka matone yao siku tatu kabla ya kliniki, nilikuwa nawajua kabla yeye hajajua darubini inawashwaje. Lakini Dada! Dada ndiye aliyenifundisha kunawa mikono. Alinilea mama alipofariki, alikaa mlangoni na fimbo mpaka nimalize dawa ya kikohozi. Mkunga akasema, "Haya," akarudi kwenye kufuta. Ile "haya" yake imeniudhi kuliko maneno yote.

Jumamosi, 29 Machi

Nilitazama mlango wa chumba cha Dada saa mbili usiku, muda wa matone. Ulikuwa umefungwa. Huwa unafungwa siku zote.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika usiku, mlango wa Dada umefungwa.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kumwaga, Dada akasema atanipitisha kazini. Mwanafunzi wake ndiye aliyekuwa anaendesha, mama mmoja mwenye saluni, amebakiza wiki mbili afanye mtihani. Dada alikaa kiti chake cha mwalimu, mimi nyuma. Tulipofika kwenye makutano ya mbele ya posta, mwanafunzi akasimama, akauliza, "Niende, mwalimu?" Dada akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Nenda, njia nyeupe."

Haikuwa nyeupe. Upande wa Dada kulikuwa na baiskeli inakuja, kubwa, imefungwa magunia na nailoni, na mwenye nayo amejifunika kofia ya mvua. Mimi niliiona kutoka nyuma. Mwanafunzi aliiona naye, akakanyaga breki sote tukarushwa mbele. "Mwalimu! Baiskeli!" Yule mtu alipita akapiga boneti kwa kiganja, akatutukana kidogo, akaenda zake.

Dada akacheka. "Vizuri sana! Nilikuwa nakujaribu. Siku ya mtihani usimwamini hata mkaguzi." Mwanafunzi akafurahi, akasema kweli wewe ni mwalimu.

Ila mimi nilikuwa nimetazama chini, kwenye breki ya pili, ya mwalimu. Mguu wa Dada ulikuwa umelala juu ya zulia. Haukuwa umesogea hata inchi.

Jioni hakuuliza nani anaongoza. Nimekaa hapa na kalamu, na ile namba yangu kumi na saba nimeiandika mara nne pembeni ya ukurasa.

Jumanne, 8 Aprili

Nilimdanganya Dada. Nilimpigia simu saa tisa nikasema nimesahau mwavuli, aniletee. Alifika saa kumi, wagonjwa wamekwisha, analalamika kwamba mimi ni mtu mzima. Nikamwambia, "Hebu kaa hapo dakika moja."

"Leo si siku yangu."

"Kaa tu, Dada."

Alisita. Hapo ningepaswa kuelewa. Kisha akaketi, kwa sababu Mkunga alikuwa anatazama na Dada hakubali kuonekana mwoga. Tone la ganzi, rangi, taa ya bluu. Nikagusa jicho la kulia, nikaanza kuzungusha. Kwa miaka yote hii vidole vyangu vinajua kigurudumu kinapotakiwa kusimama hata bila kuona namba. Kilipita pale. Kikaendelea kupita. Nusu duara zilikuwa bado hazijagusana, na mimi nazungusha.

"Tayari."

Mkunga akaandika. Akarudisha kwenye kumi. Tukarudia. "Tayari." Akaandika. Nikamwambia asome.

"Thelathini na moja. Thelathini na mbili."

Nikamfokea. Nilisema amesoma mstari mwingine, kwamba hii si saa ya kuhesabia uchungu wa mama wajawazito, kwamba kama hajui aseme. Mkunga alinyosha mkono akaiondoa ile kadi. "Zungusha tena. Tazama mwenyewe."

Nikazungusha. Kingo zikagusana. Thelathini na moja, mbele ya macho yangu.

Dada alikuwa bado kidevu kwenye kishikizo, paji la uso kwenye mkanda, na maneno yalimtoka hivyohivyo, akiwa ametazama taa. "Siyaweki," alisema. "Yale matone. Nayaweka siku nne kabla ya kuja kwako, basi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Yanafanya jicho jekundu, mdogo wangu. Jekundu kama nyanya. Mzazi analeta binti yake saa moja asubuhi ajifunze gari, anakuta mwalimu macho mekundu, atasema nini? Atasema nimekunywa. Wawili waliondoka. Wakanitangaza. Nikasema si neno, kumi na saba ya Mama Kipimo inanilinda, na operesheni nitafanya mkishajua ipi bora. Si wewe uliniambia mwisho wa mvua?"

Nililia pale pale, na gauni la kazi. Mkunga alimtoa Dada kidevu kwenye mashine taratibu, kwa mikono miwili, namna ambayo bila shaka aliwatoa wale elfu tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekasirika naye na nimejikasirikia. Niliiamini namba kuliko mtu aliyekuwa anajigonga kwenye kona ya meza yetu ya chakula kila siku. Namba ilikuwa ya kweli, hilo nashikilia. Ilikuwa ya kweli kwa siku nne. Na yale majisifu yangu ya Januari yamelila jicho lake miezi mitatu.

Matone sasa namwekea mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, nikiwa nimesimama juu yake. Amesema nina mkono mzito. Muongo.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwomba Mkunga radhi. Nilitayarisha hotuba tangu asubuhi, nikafika katikati nikakwama. Akasema, "Hata mimi nilimzalisha mdogo wangu. Dalili za hatari zilikuwa mbele yangu, sikuona kitu. Mtu wako hutamwona kwa jicho la kazi." Kisha akaniuliza kama anaweza kujaribu kuzungusha kigurudumu, kwenye lile jicho la bandia la mazoezi. Nimemfundisha saa nzima. Mkono wake ni mwepesi. Inaniuma kidogo kukiri, lakini ni mwepesi sana.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumekwenda kwa Daktari Mkuu, Dada na mimi. Nimekaa kama ndugu wa mgonjwa, kwenye kile kiti kibovu, kwa mara ya kwanza maishani.

Dada alianza na swali lake. "Daktari, ipi bora? Nimesubiri."

Daktari Mkuu si mtu wa maneno mengi. Alivuta karatasi ya upeo, akaiweka mezani. "Mama, nikimaliza utafiti nitajua kuhusu watu mia moja na kumi na wawili. Wewe ni mmoja. Na jicho lako haliwezi kusubiri ripoti. Tulinganishe kwako, leo. Nikikuwekea Mrija, mwanzo huwa mtulivu zaidi, lakini huenda ukahitaji matone bado, kila siku, miaka na miaka. Utayaweka?"

Nilimwona Dada anavyotaka kusema ndiyo. Dada hajawahi kushindwa mtihani wowote. Alitazama mikono yake, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Hapana," akasema. "Ninajijua. Nitayaweka mwezi mmoja, halafu nitaanza kujidanganya. Sitaki kukudanganya tena, nimeshamdanganya huyu."

"Basi sikia upande wa pili. Mlango mara nyingi hushusha presha zaidi na wengi hawahitaji matone baadaye. Ila miezi ya mwanzo ni ya kuhangaika. Matone ya kuzuia uvimbe kila saa mbili. Kuja hapa kila wiki. Presha inaweza kushuka mno, mshono unaweza kuhitaji kukatwa. Na hutaendesha wala kufundisha ndani ya gari. Una mtu wa kukuleta?"

"Ninaye," akasema Dada, akanyosha shingo. "Mama Kipimo mwenyewe."

Nimepewa sifa nyingi kazini, nina hata cheti ukutani. Hakuna iliyonikaa moyoni kama hiyo. Na jibu lake lile la "hapana" ndilo lililochagua operesheni. Mtu mwenye kiburi kama cha Dada, kusema "ninajijua" mbele ya daktari! Nilitoka pale nimenyosha shingo kuliko yeye.

Jumanne, 22 Aprili

Operesheni leo. Dakika hamsini. Sikuruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji, nami sikuomba. Nilikaa benchi la korido na watu wengine wenye ndugu, nikagundua lile benchi lina msumari. Miaka ishirini na sita napita mbele yake! Nimeandika karatasi kwa fundi wa matengenezo.

Jumatano, 23 Aprili

Bandeji imetolewa. Jicho jekundu kama nyanya. Dada kalitazama kwenye kioo akasema, "Sasa hivi nina cheti cha daktari, wacha waseme nimelewa." Presha tano. Chini, lakini Daktari ameridhika. Aliyezungusha kigurudumu alikuwa Mkunga. Mimi nilisoma na kuandika. Tumekubaliana itakuwa hivyo kwa Dada siku zote.

Jumatatu, 28 Aprili

Matone kila saa mbili. Ameweka kengele ya simu. Ikilia anasimama kama askari.

Jumanne, 6 Mei

Presha kumi na tisa. Nilisoma mara mbili kabla ya kuiandika. Dada aliniona uso akasema, "Imepanda." Nikasema ndiyo. Zamani ningesema ngoja daktari. Daktari Mkuu alikata mshono mmoja kwa mwanga wa leza, jambo la dakika mbili, tukapima tena: kumi na mbili. Nje ilikuwa mvua ya mawe makubwa kama punje za mahindi, inapiga bati hatusikilizani, na Mkunga akanionyesha vidole kumi na viwili kutoka ng'ambo ya chumba, kwa awamu mbili, kana kwamba sikuwa nimeisoma mimi.

Alhamisi, 15 Mei

Dada amempa mwanafunzi wake wa zamani funguo za gari jeupe. Hakuna aliyemlazimisha. Aliniomba nimsindikize, nikadhani nitamshika mkono, kumbe alitaka shahidi. Alimwonyesha breki ya mwalimu, akamwambia, "Mguu wako ukae hapa. Siku ukiona umeanza kulala kwenye zulia, shuka." Halafu akaniambia kwamba siku ya baiskeli alijua. Alijua kabla hajacheka. Ameomba kufundisha darasani, alama za barabarani na sheria, na mwenye shule ya udereva amekubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu, 26 Mei

Macho sita ya mwisho. Redio alifunga dimba. Alinyamaza mwanzo mpaka mwisho, nikamuuliza kama anaumwa.

Ijumaa, 6 Juni

Matokeo yamesomwa leo kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, mbele ya madaktari, wauguzi na wafagizi, kwa sababu Daktari Mkuu alisema kila aliyefungua mlango kwa wagonjwa wale ana haki ya kusikia. Nilivaa gauni jipya.

Waliofanyiwa Mlango presha yao ilikuwa chini zaidi na matone wanayotumia ni machache. Waliowekewa Mrija walipata misukosuko michache mwanzoni na wachache wao walirudi chumba cha upasuaji. Upande wa kuona, wanakaribiana sana. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo nani mshindi?" Daktari Mkuu akasema hakuna kikombe hapa. Kuna mgonjwa aliye mbele yako na maisha anayoishi, na sasa angalau tutamwambia kwa namba tunazoziamini.

Kisha akasema kuhusu namba zenyewe. Kila jicho lilipimwa mara mbili, na walikagua vile vipimo viwili vinapishana kiasi gani. Kwa wagonjwa wote mia moja na kumi na wawili, wastani wa kupishana haukufika moja. "Sijawahi kuona hilo popote nilipofanya kazi," alisema, akanitazama, na ukumbi ukapiga makofi. Nilisimama. Sikujifanya mnyonge, sijui kufanya hivyo. Lakini nilimshika Mkunga mkono nikamsimamisha naye, maana nusu ya kila namba ni ya kalamu yake, akasimama ameona haya, saa yake ya kifuani imegeuka kichwa chini.

Ijumaa, 13 Juni

Siku tatu hakuna mvua. Leo Dada amerudia kipimo cha upeo, cha kwanza tangu operesheni.

Kinafanyika kwenye chumba cha giza, na Mkunga ndiye aliyekiendesha. Mimi nilisimama nje. Nilisikia kile kitufe kinabonyezwa, tik, tik, halafu kimya kirefu pale penye doa, halafu tik. Mkunga akatoka na karatasi. Nikaichukua pamoja na ile ya Februari, nikaziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Doa juu ya doa. Nilitafuta pembeni, nikatafuta chini, nikahesabu vijisanduku kwa kidole.

Dada akasimama mlangoni. "Nisomee kama unavyowasomea wageni."

"Presha kumi na moja, bila matone ya presha. Upeo wako uko vilevile."

"Vilevile kivipi?"

"Kilichokufa hakijarudi, Dada. Lakini hakijapungua kitu. Hata nukta."

Daktari Mkuu alisema hicho ni kipimo kimoja, tutarudia baada ya miezi minne na tena baada ya hapo, tusianze sherehe. Dada akamjibu ndiyo daktari, akatoka kwenye korido, akaanza kumwambia kila aliyekaa kwenye benchi kwamba yeye ni vilevile. Watu wakampongeza bila kujua wanampongezea nini. Mimi nilijua. Miaka yote nimejivunia namba zinazoshuka, na sijawahi kujivunia kitu kama ile karatasi ambayo hakuna kilichobadilika.

Mwisho wa benchi alikaa mwanamume mmoja mwenye suti, mgonjwa wetu wa miaka mingi, zamu yake inafuata. Alikuwa ameinamisha kichwa nyuma, anajitia matone haraka haraka. Dada hakumwona, alisikia kizibo. Akaenda akakaa kando yake.

"Kaka yangu, hiyo ni ya leo au ya siku zote?"

Yule bwana akacheka cheko la mgeni. "Siku zote, mama."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo. Yule pale mlangoni ni mdogo wangu, hakuna mkono kama wake hospitali hii nzima, na nilimdanganya miaka miwili. Mashine haikugundua. Nimebakiza jicho hili moja, nalo lina doa." Akamgusa begani. "Mwambie kabla hujaweka kidevu."

Nilimwita jina lake. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo na kichupa mkononi bila kuingia.

"Mama Kipimo," akasema, "nimeanza jana."

Nikachukua kadi yake, pale penye nafasi ya dawa nikaandika: tangu jana. Kisha nikamwita Mkunga, tukaanza kazi.